Karatasi Iliyokwama

Kwa miaka kumi na minane nimetoa kopi za mitihani ya shule hii ya sekondari bila kuisoma. Si kwamba mimi ni mwema kuliko wengine. Nina utaratibu wangu tu: karatasi naiweka kifudifudi, nakala nazipokea kifudifudi, pini nabana kwa kupapasa kona, kisha nafunga bahasha. Mwalimu wa hesabu husimama mlangoni mpaka nimalize. Mwalimu wa Kijerumani hakuwahi kusimama. Aliacha bahasha mezani akaenda zake, kwa sababu kwangu Kijerumani kilikuwa salama kuliko ndani ya kabati la chuma. Nani angekisoma? Mimi?

Mwaka juzi, nikiwa na miaka arobaini na tisa, nilijiandikisha masomo ya jioni hapohapo shuleni. Cheti kinadai lugha moja ya kigeni, na Kijerumani ndicho kilichokuwa na nafasi. Masomo mengine yote nimeshafaulu. Kijerumani nilianguka mwaka jana, na kanuni ya jioni ni fupi: ukianguka mara mbili, unampisha mwingine.

Siku ya mtihani wangu wa pili, saa saba mchana, mwalimu aliingia na bahasha yake huku simu ikiwa sikioni.

"Mzee, ishirini na mbili, za jioni," akasema, akatoka.

Miaka yote hiyo alikuwa akifanya hivyo, na siku ile hakukumbuka kwamba mmoja wa wale ishirini na wawili ni mimi. Nami sikumkumbusha. Nikaweka karatasi kifudifudi, kama mikono inavyojua.

Nakala ya tisa ikakwama. Nikafungua ubavu wa mashine, nikaivuta taratibu isichanike, ikatoka imejikunja, maandishi juu. Na kabla sijageuza macho, nikaielewa.

Mwaka mzima kila sentensi ya Kijerumani nimeibeba kama gunia, neno kwa neno, kamusi pembeni. Hii iliingia yenyewe, kama mtu anayeniita kutoka chumba cha pili. *Beschreiben Sie den Ort, an dem Sie arbeiten.* Eleza mahali unapofanyia kazi. Nilitabasamu. Kisha nikaigeuza kifudifudi haraka, nimeshachelewa.

Maana insha hiyo ninayo kichwani. Mashine, wino, rafu, dirisha lisilofunguka. Niliwahi kumwandikia mwalimu, akanisahihishia kwa kalamu nyekundu, nikairudia nyumbani mpaka mke wangu akaniambia sasa hata yeye anaweza kuajiriwa Ujerumani.

Nilimaliza kazi, nikafunga bahasha, nikaiacha mezani kwake ofisi ya walimu. Kisha nikaingia stoo ya karatasi, nikapiga magoti kati ya maboksi. Nilimwomba Mungu anisahaulishe. Kadiri nilivyoomba, ndivyo ile sentensi ilivyozidi kukaa vizuri kichwani. Mwisho nikaona ninachokiomba ni ruhusa ya kunyamaza.

Saa kumi wanafunzi wa jioni walianza kufika. Fundi cherehani, ninayekaa naye dawati moja, alinikuta kwenye korido.

"Mzee Kopi, leo umetuchimbia kaburi la futi ngapi?"

"Mimi nachimba tu, sipimi."

"Hata jicho moja halikuteleza? Sema tu, mzee, mimi nina watoto wanne na cherehani mbovu."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nikageuka, nikaenda ofisi ya walimu. Mwalimu alikuwa peke yake, anakunywa chai.

"Karibu, mzee. Bahasha niliipata, asante."

"Mwalimu, niliisoma."

"Ulisoma nini?"

"Swali la insha. Mashine ilikwama."

"Ah, kuona si kusoma, mzee wangu."

Nikamtamkia lile swali kwa Kijerumani, lote. Akaweka kikombe chini. Aliinuka, akafunga mlango, akabaki amesimama, mkono kwenye kitasa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu, na sisi wawili."

"Mkuu akisikia nilimpa mtahiniwa karatasi mkononi, nimekwisha. Na wewe utafutiwa mtihani." Akashusha sauti. "Sikiliza. Hiyo insha unaijua hata bila kuiona. Hujamwibia mtu. Hayo maneno yabaki humu."

Nilikuja nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa huruma yake sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa rahisi kusema asante na kuondoka, na miguu ilishaanza kugeuka.

"Mwalimu, mimi husali saa moja jioni. Leo nitaanzaje?"

"Utaanza kama jana."

"Jana sikuwa na hili."

Akafungua mlango. "Nenda ukakae kwenye dawati lako," akasema, na sikujua kama amekasirika.

Saa kumi na moja karatasi ziligawiwa, makamu mkuu akiwa msimamizi. Mwalimu akashika chaki.

"Swali la insha lifuteni. La sasa ni hili." Akaandika: eleza safari yako ya treni, maneno mia moja na hamsini.

"Treni?" fundi akanong'ona. "Mimi hata baiskeli yangu haina mnyororo."

Makamu akamsogelea mwalimu. "Kuna nini?"

"Swali lilionekana. Kosa ni langu."

"Lilionekana na nani?"

Nikasimama. Magoti yaligonga dawati, wote wakageuka. "Na mimi, bwana makamu. Nilimweleza mwenyewe."

Makamu alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, akatazama saa ya ukutani.

"Kaa uandike. Baadaye nitawaona nyote wawili."

Nikakaa. Treni sijapanda maishani mwangu. Nusu saa karatasi ilikuwa nyeupe, kalamu inateleza kwa jasho, fundi anakwaruza pembeni kama kuku. Maneno ya mashine na wino yalikuja yote, yamejipanga, na hayakuwa na kazi. Nikayaacha yapite. Kisha nikaandika jambo moja la kweli: sijawahi kupanda treni. Nikaongeza kwamba ningepanda, ningekaa dirishani, na ningemchukua mke wangu. Kengele ilipolia nilikuwa sijafika hata maneno mia na ishirini.

Makamu hakunifutia mtihani, ila insha yangu aliipeleka kwa mwalimu wa shule nyingine isahihishwe. Baada ya wiki tatu majibu yakabandikwa: hamsini na tatu. Ya kufaulu ni hamsini. Nilisoma mstari wangu mara nne, kidole kikiwa juu ya jina.

Mwalimu alisimama nyuma yangu.

"Insha yako ina makosa kumi na tisa, mzee."

"Samahani, mwalimu."

"Barua ya onyo niliyopewa mimi haina hata moja," akasema, akaenda darasani.

Sikujua nicheke au nimfuate kumwomba radhi. Jioni ile, nilipoanza kusali, nilimtaja yeye kabla ya watoto wangu.