Mkono Mzima Ndio Uliofungwa

Siku ya tatu tangu mkono wake mzima ufungwe, Wesonga aliapa kwamba akipona, jambo la kwanza litakuwa kumfukuza mke wa mwanawe Quinton kutoka nyumbani kwake pale Burumba. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya soksi nene, umefungwa kwa leso hadi kifuani. Wa kulia, uliopigwa na kiharusi mwezi wa Aprili, ulilala pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Ugali ulikuwa mezani, unapoa.

"Mwambie mkazamwana wako mimi si tumbili," alimwambia mkewe, Adeke.

Vivian alisimama hatua tatu tu kutoka hapo. Lakini kwa desturi yao baba mkwe na mkazamwana hawagusani, na tangu soksi hiyo iingie nyumbani Wesonga aliona hata kumsemesha ni kumpa heshima asiyostahili. Kila neno lilipitia kwa Adeke.

"Mama, mwambie Baba ni hao tumbili walitufunza," Vivian akajibu, macho yake mlangoni.

Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya misheni, na ulimi alikuwa nao. Akaeleza tena, mara ya nne. Huko ng'ambo wazungu walikata mishipa ya fahamu inayopeleka hisia kutoka mkono mmoja wa tumbili. Tumbili akajaribu mkono ule, ukamwangusha, akauacha kabisa. Walipofunga ule mzima, njaa ikamlazimisha, na mkono ulioachwa ukaanza kuokota chakula.

"Haikuwa imekufa, Mama. Ilikuwa imezoea kukaa."

"Muulize hao tumbili walikosa nini," Wesonga akafoka. Miaka thelathini na moja alikuwa amechinja na kukata nyama sokoni Busia, na hakuwahi kumwacha mnyama ateseke. Kisu kimoja, basi. Kumkata kiumbe kisha ukae na kalamu uone atahangaika vipi, huo kwake ulikuwa uchawi wa watu waliosoma.

"Hata mimi sikupenda nikisoma," Vivian alisema. "Na mtu si tumbili. Wagonjwa waliojaribiwa ni wachache, wengine wamesaidika, wengine wapi. Lakini Baba anainua kifundo cha mkono kidogo. Nimeona. Siku kumi na nne, Mama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Wesonga alitamani kumtupia sahani. Mkono wa kumtupia ndio uliokuwa ndani ya soksi.

Angeirarua kwa meno kama si Zephaniah. Huyu alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na tangu Aprili alikuwa akivaa aproni yake na kukatia kwenye gogo lake. Wesonga alipojaribu kurudi na kukata kwa kushoto, wateja walicheka, kisha wakahamia kibanda cha pili. Mzee Paulinus, mwenyekiti wa soko, akatoa neno: mwisho wa mwezi Wesonga aje akate kama zamani mbele yake, au bucha iwe ya Zephaniah.

Basi akala kama mtoto mchanga. Ugali ulimwagika kifuani na kuku wakashiba kuliko yeye. Siku ya sita tonge moja lilifika mdomoni, na hakumwambia mtu. Siku ya kumi alishika kikombe, kikamtoroka, akamtukana Vivian mpaka Adeke akakataa kupeleka ujumbe. Alimchukia kwa moyo wote, na chuki hiyo ilimwamsha kila asubuhi kabla ya jogoo.

Siku ya kumi na nne walikwenda sokoni. Paja la ng'ombe lilikuwa kwenye gogo. Zephaniah alikunja mikono, anatabasamu.

"Kata, mzee," akasema Paulinus.

Vidole vya kulia vikajikunja kwenye mpini, kimoja kimoja. Kisu kikainuka, kinatetemeka. Ncha ilipogusa nyama, paja likateleza. Akajaribu tena, likateleza tena. Watu wakacheka.

"Mama Quinton, nifungue hii ya kushoto nishikie nyama!"

"Mama, usimfungue," Vivian akasema. "Akifunguliwa, kisu itahamia huko, na hii italala tena."

"Zephaniah, basi shika wewe," akaamuru Paulinus.

Zephaniah alikitazama kisu kilivyocheza, akarudi nyuma. "Nishikie kisu kama hiyo? Mimi bado nataka vidole yangu."

Vivian akapita katikati ya watu, akaweka viganja vyake viwili juu ya paja, kiasi cha vidole vitatu kutoka kwenye makali. Adeke akaguna.

"Mwambie atoe mkono," Wesonga alisema. "Nitamkata."

"Mama, mwambie akate."

Aliogopa. Hakuwahi kuogopa kisu maisha yake yote. Akaacha kupigana na mtetemo, akatafuta goti kwa ncha, polepole, pale mifupa inapoachana. Kiungo alikijua hata gizani. Alipokipata, akaegemeza bega lake lote.

Mguu ukaachana na paja, ukaanguka chini.

Zephaniah akaanza kufungua kamba za aproni. Wesonga hakumtazama. Alikuwa akihesabu vidole vya Vivian, na vilikuwa kumi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu soksi ile, akamgeukia Vivian mwenyewe.

"Geuza hiyo paja, wewe mama," akamfokea. "Na ushike vizuri. Hujui kushika nyama."