Kiti Kimo Kwenye Bei ya Chai

Mkahawa wetu una milango miwili. Wa mbele ni wa kioo, unafutwa kila asubuhi kwa gazeti lililoloweshwa siki. Wa nyuma ni wa bati, na huo ndio wangu, maana mimi ndiye muosha vyombo. Sinki langu lina matundu mawili, moja la povu na moja la kusuuzia, na juu yake kuna kidirisha cha kupokelea vyombo. Nikiinama naona meza zote mpaka za dirishani. Nikisimama wima naona viuno vya wahudumu tu. Ndiyo maana nilijua mjukuu wangu ana mimba kabla hajanifungulia mdomo.

Mjukuu wangu huyu ni mtoto wa mwanangu wa kwanza, na mkahawani wamempa jina la Kicheko. Ni mhudumu wa meza. Yeye na mumewe wanakaa nami, wao chumba cha uani, mimi cha mbele. Mumewe ni kibarua wa ujenzi, kijana mpole, ila kazi yake leo ipo kesho haipo. Mimi na Kicheko tunaitana mke mwenza, kama ilivyo kati ya bibi na mjukuu wake, na akinichokoza sana namwambia nitamfukuza aniachie mume wetu.

Zamani mshahara wa mhudumu ulikuwa jina tu. Hela yenyewe ilikuwa bakshishi. Mteja akimaliza chai alisukuma sarafu chini ya kisahani, na mhudumu alikinyanyua kisahani kwa kidole kimoja, kama anayechungulia yai chini ya kuku, kabla hajaniletea vyombo. Kwangu vilifika vitupu. Mpishi naye, aliyekuwa anaungulia jikoni, hakuwahi kuona hata moja.

Kicheko alikuwa bingwa. Alijua kucheka. Mteja akisema jambo la kipuuzi kabisa, yeye alijishika mbavu. Na tumbo lilipoanza kuonekana, ndiyo kabisa, visahani vikawa vizito.

"Mke mwenza," aliniambia siku moja huku akipiga sarafu mfukoni mwa aproni zilie, "mtoto huyu ameanza kazi kabla hajazaliwa."

"Na ukishajifungua," nikamuuliza, "nani atakuja kukuwekea sarafu chini ya godoro?"

Akacheka, lakini kicheko kile cha kwake mwenyewe, kifupi. Alijua ninachosema. Mwanamke akijifungua anapata likizo, na likizo inalipwa kwa mshahara, hailipwi kwa visahani. Mshahara wake ulivyokuwa, ungeishia kwenye sabuni ya nepi. Na mumewe ndiyo hivyo, akipata tofali la kubeba anabeba, asipopata anakaa kizingitini ananoa jembe ambalo hatuna shamba la kulilimia.

Basi ikatokea siku wahudumu wawili wakagombea kisahani kimoja cha meza ya dirishani, huyu anavuta na yule anavuta, mpaka kikapasuka mbele ya mteja ambaye hata hajasimama. Mwenye mkahawa, ambaye sisi tunamwita Mama Mwenyewe, aliinama. Alikusanya vipande kwa mkono wake. Kesho yake asubuhi, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza, akatuita wote, hata mimi na mikono yangu ya povu.

"Bakshishi basi," akasema. "Bei za vyakula zinapanda, mishahara inapanda. Ya kila mtu, mpaka ya Bibi pale. Najaribu miezi miwili. Wateja wakinikimbia, tunarudi kulekule tulikotoka, na msinilaumu."

Nikapiga hesabu yangu ya kizee, ile ya vidole. Miezi miwili ikiisha ndipo Kicheko angekuwa anakaribia siku zake. Mpango ule ukisimama mpaka hapo, analala kitandani na mwanawe na mshahara unaingia. Ukianguka, anarudi kwenye meza na kidonda kibichi. Tangu siku hiyo kila mteja aliyefungua mlango wa kioo nilimwombea njaa.

Kicheko mwenyewe alinuna njia nzima ya kwenda nyumbani.

"Sasa hivi ndiyo tumbo linalipa, Bibi. Sasa hivi! Huyu mama hakuona siku nyingine?"

"Tumbo linalipa, halafu linashuka."

"Wewe unashangilia kwa sababu sinki limepandishwa."

"Nashangilia, ndiyo. Nina kiuno pia mimi."

Mhudumu mwenzake, kijana mmoja tunayemwita Mrefu, alipewa kazi ya kuandika tangazo kwa kuwa anafika juu ya mlango bila ngazi. Akaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: HATUPOKEI BAKSHISHI. Basi. Hakueleza kwamba mishahara imepanda, wala nini. Wateja walipoona ule wekundu wakadhani tumekamatwa kwa wizi na hii ndiyo adhabu yetu. Wakatuonea huruma! Wakaanza kutuficha hela ili Mama Mwenyewe asione. Sarafu nilizitoa ndani ya mabaki ya wali. Nilizitoa kwenye mdomo wa birika, chai ikigoma kushuka. Bwana mmoja alikunja noti akaichomeka ndani ya mkate, na mpishi alipoiona akadhani ni kipande cha karatasi ya mwokaji, akamwaga matusi bure kwa mwokaji. Tundu langu la kusuuzia likaziba, nikapasua kucha nikilizibua. Sarafu zote alizichukua Mama Mwenyewe akazitia kwenye kopo, akasema ni za kununulia dawa ya kuzibulia sinki. Nikaona sawa.

Tulicheka, lakini sikuisahau hesabu yangu ya vidole. Mwezi wa kwanza uliisha na mshahara mpya ukaja. Wiki hiyo mume wetu hakupata kazi hata ya nusu siku, na kodi ya nyumba ikalipwa vilevile. Kicheko alirudi na sabuni, na mafuta, na khanga mbili za kumpokelea mtoto, akaziweka mapajani mwangu.

Kesho yake nilikuwa nimeinama kidirishani nikamwona mteja mmoja, mwenye pete kubwa, ananyoosha mkono amshike Kicheko tumbo, eti apate bahati. Zamani angecheka. Safari hii mjukuu wangu alirudi nyuma hatua moja, sinia mkononi.

"Kaka, hilo haliko kwenye orodha ya vyakula."

Meza ya jirani ikaangua kicheko, na mwenye pete akacheka pia, angefanya nini. Kicheko alipoleta vyombo macho yalikuwa yanang'aa.

"Bibi," akasema, "sitaki turudi kule."

Nikajua sasa tuko wawili.

Na ilikuwa siku hiyohiyo, jioni kidogo, alipoharibu.

Kuna mzee mmoja, fundi saa. Kibanda chake kiko nyuma ya duka la dawa, mlango wake unabana mtu mnene. Kila alasiri alikuja, akaagiza chai moja, akakaa meza ya dirishani mpaka chai ipoe, inywewe, na kikombe nacho kipoe. Alisoma magazeti yaliyoachwa na wengine. Muuza dawa alimfuata pale, na mshona nguo, na yule wa duka la misumari, na hao ndio waliokula na kunywa hasa. Yeye alikuwa kama jiko: mwenyewe hali, ila watu wanamzunguka. Akiondoka, sarafu moja chini ya kisahani, haikosekani. Hata tangazo lilipowekwa hakuacha, na sarafu yake iliishia kwenye kopo kama nyingine.

Siku hiyo akaiacha kama kawaida. Kicheko akanyanyua kisahani kwa mazoea, akaiona. Akageuka, Mama Mwenyewe huyo anamtazama kutoka kwenye kaunta. Mwenzangu akaogopa mpango wetu usije ukavunjika mikononi mwake. Akakimbia, tumbo mbele, mpaka mlangoni.

"Mzee! Mzee! Umesahau hela yako!"

Mkahawa mzima ukageuka. Fundi saa akaipokea ile sarafu, akaitazama kama anayeshuku ni ya bandia, akaitia mfukoni akaondoka. Hakuaga.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Muuza dawa alichungulia kwenye kioo, akaona kiti kitupu, akapita. Mshona nguo akawa anaagiza chai ipelekwe dukani. Meza ya dirishani, iliyokuwa inapiganiwa mpaka visahani vinapasuka, ikabaki na chupa ya chumvi. Mama Mwenyewe akaanza kutafuna kifuniko cha kalamu. Siku moja nikamsikia anamwambia Mrefu, "Mambo yakiendelea hivi, mwisho wa mwezi hilo tangazo ulishushe."

Nilikausha mikono. Nikamwambia Kicheko, "Vua aproni. Tunakwenda kwa fundi saa."

"Nikamwambie nini, Bibi? Nimemuaibisha."

"Kwanza umuamkie. Mengine yatakuja."

Kibandani tulimkuta na kile kioo chake cha jicho, saa ya mtu imefunguliwa matumbo juu ya kitambaa cheupe. Kicheko aliingia kwa ubavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Umeniletea hela nyingine niliyosahau?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilipiga kelele ovyo. Lakini mbona umetuhama kabisa?"

Akaondoa kioo jichoni. Jicho lile lilibaki na duara jekundu.

"Mwanangu, hebu niambie. Chai moja, mtu anakaa nayo alasiri nzima. Kiti chenu, feni yenu, gazeti lenu. Unadhani sioni? Ile sarafu ilikuwa ya kiti. Nikiiweka, nakaa kwa raha zangu, sina deni na mtu. Sasa mmeikataa. Nitakaaje? Nitakuwa mzee wa kuvumiliwa."

Nami miaka yote ile nikidhani anaiweka kwa sababu ya kicheko cha mjukuu wangu! Kumbe mwenzetu alikuwa anapanga kiti.

Kicheko aliweka mkono juu ya tumbo.

"Mzee, chai uliyokunywa siku ile ulilipa bei ya zamani?"

"Ya zamani wapi! Mmepandisha. Nikalipa, sikusema kitu."

"Basi kiti kimo humo."

"Humo wapi?"

"Humo kwenye bei. Kiti, feni, gazeti, mimi, na Bibi huyu anayekuoshea kikombe. Zamani ulikuwa unamlipa kila mtu mbalimbali, na huyu ulikuwa humlipi. Sasa umetulipa wote mara moja, halafu ukaondoka ukatuachia kiti chako. Sasa nani anamdai mwenzake?"

Fundi saa akanitazama. Nikamwonyesha kucha yangu iliyopasuka.

"Sarafu za kwenye birika na sinki," nikasema. "Wenzako wanazificha, mimi nazichimbua."

Akacheka mpaka ikabidi aifunike ile saa skrubu zisipeperuke. "Kumbe nimelipia kiti na sikikalii," akasema. "Hiyo hasara."

Siku iliyofuata aliingia kwa mlango wa kioo, akavuta kiti chake, akakaa kwa sauti, kama mwenye nyumba. Muuza dawa alifuata kabla chai haijafika. Mrefu akashusha tangazo lile jekundu, ila si kwa ile sababu niliyokuwa naiogopa. Aliandika jipya, kwa wino wa bluu: BAKSHISHI IMO KWENYE BEI. KITI PIA. Kiti pia aliongeza Kicheko mwenyewe, amesimama nyuma yake anamwelekeza, na Mama Mwenyewe hakukataa. Miezi miwili ilipita, na hakuna aliyeitaja tena.

Kicheko alijifungua mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti ya muuza magazeti. Mshahara ulikuja na yeye yuko kitandani. Mume wetu aliupokea, akauleta juu ya sahani na kitambaa juu yake kama chakula cha mgonjwa, yule mwehu, tukacheka mpaka mzazi akaomba tumhurumie mshono.

Mtoto alipopata nguvu ya shingo, mama yake alimleta mkahawani kutuonyesha. Nilitoka mlango wa mbele siku hiyo, na aproni yangu mbichi. Fundi saa akasimama, akaingiza mkono mfukoni. Kila mtu akamtazama, na Mama Mwenyewe akaweka kalamu chini.

"Huyu," fundi saa akauliza, "ameajiriwa hapa?"

"Bado," akasema Mama Mwenyewe.

"Basi tangazo halimhusu."

Akamtia sarafu kiganjani. Vidole vikaifumba papo hapo, na ngumi ikaanza safari ya kwenda mdomoni.

"Mke mwenza!" nikapiga kelele, "hebu lete hiyo kwanza niioshe!"