Kwa Muda Tu

"Hata hadithi?" Paras aliniuliza, maana mama yake alikuwa amemwuliza yeye mara mbili.

Tulikuwa sebuleni kwao, ghorofa ya tatu, Upanga. Bibi alikuwa amekaa sakafuni, sinia la dengu mapajani, akichagua mawe. Mjukuu wake Mansi alikuwa amejiegemeza begani kwake, anasinzia na sare za shule. Mkono wa bibi ulikuwa umesimama katikati ya dengu. Hakuwa akimtazama mwanawe. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kigujarati chote, hata hadithi," nilisema. "Kwa muda tu, Baba Mansi. Mpaka mtoto azoee shule."

Paras akamtafsiria. Bibi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mgonjwa anayepewa masharti ya dawa, kisha akarudi kwenye dengu zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu msaidizi katika shule ya awali ya vyumba vinne, juu ya maduka ya nguo, upande wa Kariakoo unaopakana na Mnazi Mmoja. Mchana kutwa sauti za wanaonadi mitumba ziliingia madirishani, nasi tulifundisha kwa kuzishinda. Mkuu wetu, Mwalimu Leodegar, alinieleza kazi yangu siku ya kwanza: kufuta kamasi, kupeleka watoto chooni, kuangalia wasianguke ngazini. Kuhusu kuongea nao hakunieleza kitu.

Mansi aliletwa Januari, hajatimiza miaka mitano. Hakulia kama wenzake. Alikaa pembeni amekumbatia chupa yake ya maji, na jina lake lilipoitwa alitazama midomo ya mwitaji, basi. Januari ikaisha bila neno. Mwalimu wa darasa, Mwalimu Amira, alikuwa na watoto thelathini na wanane. "Kaa na huyo, Stella," aliniambia. "Mimi siwezi kusimamisha darasa zima kwa ajili ya mmoja."

Nikakaa naye. Mwanzoni nilimwandama kwa maswali. Hii nini? Hii rangi gani? Huyu anafanya nini? Kila swali lilimsogeza karibu zaidi na ukuta. Halafu nikapata mafua, sauti ikanikauka kabisa, na siku mbili nzima sikuweza kuuliza chochote. Nilikaa tu sakafuni kando yake, nikapanga vipande vya mbao kimoja juu ya kingine. Siku ya pili alisogea. Akachukua kipande chekundu, akakiweka juu ya mnara wangu, akanitazama usoni kuona nitafanya nini.

Tangu siku hiyo nikaacha kumwuliza. Nilichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, nikasema kile alichokuwa akikifanya, "Mansi anamwaga maji," kisha nikanyamaza. Nilihesabu mpaka kumi kwa vidole, ndani ya mfuko wa aproni, ili nisimkatishe. Kumi ni nyingi mno katika chumba chenye watoto thelathini na wanane. Lakini katika zile kumi alianza kuonyesha kwa kidole, kutikisa kichwa, kucheka. Nilimletea kalamu mbili za rangi achague moja. Alichagua. Nilijua tuko njiani, ila sikuwa na neno la kumwonyesha mtu.

Mwalimu Leodegar alikuwa akitaka neno. Wazazi walilipa ada ili watoto waongee Kiingereza, au basi Kiswahili. "Huyu nyumbani ni Kigujarati kutwa," aliniambia ofisini. "Na yule bibi ndiye anayemlea. Kichwa kimejaa, Kiswahili kitakaa wapi? Nenda ukawaambie wapunguze. Wewe wanakuamini."

Hakuwa mtu mbaya. Aliamini alichokisema, na mimi nilikiamini pia. Wazazi wangu walitoka Masasi, nami nimezaliwa Magomeni; baba alitukataza Kimakua tungali wadogo, akisema mjini hakina kazi. Bibi yangu mzaa mama alipokuja kututembelea tulikaa naye barazani tukitabasamiana. Nilidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Kwa hiyo nilipanda zile ngazi za Upanga bila wasiwasi wowote, nikazuia hadithi za mwanamke niliyekuwa simjui hata jina.

Wiki mbili baadaye, tukiwa bombani, nilisema, "Mansi ananawa mikono," nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nimefika saba.

"Maji," akasema. "Maji baridi."

Nilikwenda kulia chooni. Mwezi uliofuata alikuwa na maneno kumi, kufikia Juni alikuwa anawasemea wenzake. Mwalimu Leodegar alinisifia mbele ya walimu wote, akasema ile ndiyo faida ya kuwaambia wazazi ukweli. Sifa zikanikaa vizuri. Leo naamini ni kule kusubiri kulikomfungua yule mtoto, na kwamba angelisema lile neno "maji" hata kama bibi yake angekuwa akimsimulia hadithi kila jioni. Lakini wakati ule sikuwa na sababu ya kutafuta maelezo mengine.

Mara moja moja nilimsindikiza Mansi nyumbani kwa bajaji, wazazi wake wakiwa wamebanwa dukani Kariakoo na zipu na vifungo vyao. Bibi alikuwa akitusubiri mlangoni. Mwanzoni nikimwambia shikamoo aliunganisha viganja akainamisha kichwa. Baadaye Mansi akamfundisha kujibu, naye alijibu kwa fahari, akilivuta neno lile hadi mwisho. Alikuwa na maneno kama sita ya Kiswahili. Maji, njoo, kula, lala, pole, marahaba. Kwa maneno hayo sita alimlea mjukuu wake miezi minane. Niliwaona wamekaa pamoja sakafuni na sinia lao la dengu, wakichagua mawe bila kusema kitu, nikafikiri ni utulivu. Nyumba yenye adabu, nilijiambia.

Oktoba moyo wa bibi ulianza kumsumbua. Alilazwa. Rekha, mama yake Mansi, alinipigia simu mchana: "Mwalimu, nakuomba umlete mtoto hospitali. Mama anamtaka."

Nilimkuta bibi ameinuliwa kwa mito, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Paras alikuwa amesimama miguuni kwake, Rekha ameketi pembeni. Mansi alipoingia, bibi akamshika mkono akaanza kuongea. Aliongea Kigujarati, kwa sauti ya chini, maneno mengi mfululizo, akipumzika na kuendelea. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea kwa kirefu. Sauti yake ilikuwa na vionjo, ilipanda na kushuka, na nikatambua, nimesimama pale na mkoba wa shule begani, kwamba yule mwanamke alikuwa msimuliaji.

Akanyamaza. Alikuwa amemwuliza mtoto kitu.

Mansi hakumtazama bibi yake. Aligeuka akanitazama mimi.

"Ticha," akasema, "naruhusiwa?"

Paras aliinamisha uso. Mimi nikachuchumaa, kama nilivyozoea. "Unaruhusiwa, mwanangu. Mjibu bibi."

Akamgeukia. Akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta, macho yalikwenda juu, midomo ikajaribu umbo moja, ikaliacha, ikajaribu jingine. Vidole vyangu vikaanza kuhesabu vyenyewe. Nilifika kumi, nikaanza upya, nikafika kumi tena. Bibi alisubiri pamoja nami. Hakumharakisha. Hakuna aliyemfundisha kusubiri, alikuwa anajua.

Mwisho Mansi akasema kile alichokuwa nacho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema bibi, na akaupapasa mkono wake.

Alifariki siku ya tatu.

Niliendelea na kazi. Mwaka wa pili baada ya hapo tulipelekwa semina, walimu wasaidizi kutoka shule mbalimbali, katika ukumbi wenye feni moja. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mtaratibu aliyesomea matatizo ya usemi. Nusu ya aliyoyasema nilikuwa nikiyafanya bila kujua yana jina: shuka chini, taja anachokifanya, subiri, ongeza neno moja juu ya neno lake. Niliandika kwa furaha. Kisha akasema lugha ya nyumbani haimzibi mtoto. Ndiyo inayobeba zile nyingine, na mzazi asiambiwe kamwe aiache. Mama aliyekaa karibu yangu aliniuliza kama naumwa. Nilisema ni joto.

Ilinichukua miaka minne mingine kupanda tena zile ngazi. Nilikwenda Jumapili, nikijua duka limefungwa. Rekha alinikaribisha bila kushangaa, akanipa chai ya maziwa. Nilimweleza yote, bila kujipunguzia. Nilisema nilikosea, na kwamba nilikuwa nimejua siku nyingi lakini sikuja.

Alisikiliza mpaka mwisho, akizungusha bangili yake.

"Ulisema kwa muda tu," akasema. "Kiswahili kilipomkaa, hakuna aliyekuja kutuambia sasa basi, endeleeni. Nasi tukasubiri kuambiwa." Akaiacha bangili. "Lakini mimi ni mama yake, Mwalimu. Nilikuwa humu ndani kila siku. Nilisikia nyumba ilivyonyamaza."

Nilimwuliza bibi alimwambia nini mtoto siku ile.

"Alianza hadithi. Ya shomoro na kunguru, watoto wote kwetu huijua. Alifika katikati, akamwuliza, 'Halafu shomoro akasema nini?' Kuna wimbo mfupi hapo. Mansi alikuwa akiuimba tangu ana miaka miwili."



Mlango wa ndani ukafunguliwa. Mansi alikuwa na miaka kumi na mmoja, mrefu, miwani usoni, kitabu mkononi. Aliniamkia vizuri, akaniuliza habari za shule na za Mwalimu Amira, akacheka nilipomkumbusha ile chupa ya maji. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa Dar hasa, chepesi, hakikwami popote. Mama yake akamwambia kitu kwa Kigujarati, sentensi ndefu yenye swali mwishoni.

"Bado, mama, nitamaliza jioni," Mansi akajibu kwa Kiswahili, akarudi chumbani kwake.

Rekha alivikusanya vikombe, akavipanga kimoja ndani ya kingine.

"Kuelewa anaelewa," akasema.