Samaki wa Ukurasa wa Thelathini na Moja

Samaki wale Méthode aliwaokota mwenyewe, Jumapili asubuhi, kule ufukweni anakolinda magari ya watu wanaokuja kuogelea. Bahari ilikuwa imewatema zaidi ya ishirini, wamelala mchangani matumbo juu, wengine bado wanatweta. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa waliwavuta mbwa wao kwa nguvu wasiwakaribie. Méthode aliwaona, akacheka moyoni. Watu wa mji huu, alifikiri, samaki asiyetoka kwenye boksi wanamwogopa. Alichagua watano walio hai, akawatia kwenye mfuko wa plastiki, akarudi nao nyumbani, mtaa wa Point, akipiga mluzi.

"Mama Aurélie! Leo tunakula kama Rumonge!"

Gloriose, mkewe, aliwamwaga kwenye beseni. Hawakuwa na magamba. Ngozi yao ilikwaruza vidole kama ulimi wa paka, na mbele ya mdomo walikuwa na meno mapana.

"Ni samaki gani hii?"

"Samaki ya bure."

"Ya bure iko na meno ya mtu?"

"Hata weye uko na meno, na nilikuoa."

Gloriose alicheka, lakini hakushika kisu. Si kwamba hakujua samaki. Kabla ya kukimbilia Afrika Kusini aliuza ndagala na mukeke sokoni kwao Rumonge, kando ya ziwa, miaka sita mizima. Na hapo ndipo penye ubaya wenyewe, kwa sababu ziwani kwao hakuna samaki anayeua. Samaki akioza ataharisha watu, basi. Aliye hai ni chakula. Kwa hiyo alichokuwa akijiuliza Gloriose hakikuwa kama samaki huyu ni salama. Alikuwa akijiuliza amemwona wapi.

Halafu akakumbuka. Kwenye kitabu.

Gloriose alikuwa akifagia na kukunja nguo katika duka la Mchina mmoja mjini. Mwenye duka alikuwa na binti, na binti huyo alipomaliza vitabu vyake vya kujifunzia Kiingereza, mama yake alimpa Gloriose kimoja kinene ampelekee mwanawe. Kilikuwa cha sayansi na maumbile: nyuki, volkano, mwezi, nyangumi. Kila ukurasa ulikuwa na habari fupi ya Kiingereza, chini yake maelezo ya Kichina, kisha maswali matano. Majibu yalikuwa mwisho wa kitabu.

Aurélie, mwenye miaka kumi, alikimaliza nusu nzima kwa miezi miwili. Kila jioni ukurasa mmoja, kila ukurasa tano kwa tano. Gloriose, ambaye shule yake iliishia darasa la sita, alihesabu zile alama nyekundu za vema kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kulala. Aliwasimulia akina mama kanisani. "Wangu anasoma sayansi ya Wachina," alisema, "tena kwa Kiingereza."

Kitu ambacho hakukijua, na ambacho mzazi yeyote aliyeishia darasa la sita hawezi kukijua asipouliza, ni kwamba mtoto alikuwa amegundua njia. Swali likisema nyuki huishi wapi, unatafuta neno nyuki kwenye habari, unanakili maneno yanayofuata. Hulazimiki kuelewa nyuki ni nini. Vema itakuja tu.

Gloriose alipangusa mikono, akakifunua kitabu mpaka ukurasa wa thelathini na moja. Ndiye huyo huyo! Picha ya kwanza alikuwa ametuna kama mpira. Picha ya pili alikuwa amekatwa vipande vyembamba, amepangwa kwenye sahani mfano wa ua, na mpishi mwenye kofia nyeupe akitabasamu nyuma yake. Chini, kwa herufi nene, paliandikwa neno moja: POISON.

Kifaransa cha shule ya msingi Gloriose alikuwa bado nacho kidogo. *Poisson*, samaki. Neno la mwaka wa tatu, lilichorwa ubaoni pamoja na kuku na mbuzi.

"Papa Aurélie, ona! Wameandika poisson. Tena wamesahau s moja, hawa Wachina."

Méthode alichungulia juu ya bega lake. "Eish! Vitabu vyao kama viatu vyao. Wiki moja, soli imeachia." Wakacheka wote wawili.

Gloriose akamwita mtoto, kwa uhakika zaidi. Aurélie alikuwa kwenye ngazi akisukana na mwenzake. Alikuja na nywele nusu.

"Hii umesoma?"

"Ndiyo, Mama. Tano kwa tano."

"Wanampika?"

"Ndiyo. Wapishi wa Japani wanampika."

"Na watu wanakula?"

"Wanakula. Iko ghali sana."

"Sharp, sawa," alisema Méthode. "Mwenye shule amesema."

Mtoto akarudi kwenye ngazi. Hakudanganya hata neno moja. Alijibu alichoulizwa, kama alivyozoea.

Gloriose aliwapasua, akawaosha, akakaanga nyanya na kitunguu. Maini na mayai aliyatenga kwenye kikaango kidogo, kwa kuwa kwao vitu hivyo ni vya baba. Méthode hakungoja ugali. Alisimama jikoni akayala kwa vidole, moto moto, akisifu. Gloriose mwenyewe alionja mchuzi tu, kwa ncha ya kijiko.

Dakika kama ishirini zilipita. Méthode alikuwa amekaa kitandani anavua viatu.

"Mama Aurélie, umetia pilipili gani? Midomo yangu imelala."

"Sijatia pilipili."

"Hata ulimi. Kama nimetoka kwa daktari wa meno."

"Ndiyo mshahara wa uroho," alisema Gloriose, na yeye pia alihisi mdomo wa chini ukimwasha kidogo, akaulamba, akaendelea kusonga ugali. Méthode aliigiza mtu asiyeweza kusema vizuri, akavuta maneno, Gloriose akacheka. Walipoteza muda kwa kicheko hicho. Kisha akagundua kwamba mumewe haigizi tena.

Méthode alitaka kusimama, magoti yakakunjika. Alitapika kidogo. Gloriose alimpa maziwa, akamwekea mkono kichwani akaanza kuomba, na hapo pia dakika zikaenda. Alipoona vidole vya mumewe havishiki kikombe, alitoka koridoni akapiga kelele kumwita Kidawa.

Kidawa alikuwa Mtanzania wa Tanga, chumba cha pili, anauza dawa za mitishamba kwenye soko la Warwick. Alikuja na khanga begani, akamtazama Méthode, kisha akaitazama ndoo ya taka. Akavuta ngozi moja kwa ncha ya kidole.

"Nani kaleta bunju humu ndani?"

"Bunju ni nini?"

"Mama Aurélie! Umempa mumeo bunju? Kwetu hata paka humpi!"

"Ni poisson! Iko ndani ya kitabu! Aurélie amesoma!"

Kidawa alimshika Aurélie mabega, akamkalisha mbele ya ukurasa ule. "Soma. Usitafute jibu. Soma toka juu, utuambie kwa Kiswahili."

Mtoto alisoma kwa sauti, polepole, na kila mstari sauti yake ilipungua. Maini ya samaki huyu. Mayai yake. Mpishi husomea miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kumgusa. Hakuna dawa. Alipofika kwenye lile neno nene, aliliwekea kidole.

"Mama, hii si samaki. Hii ni sumu."

"Ulijua?"

"Neno nalijua. Wameliandika kwenye chupa ya shule, ile ya kuoshea choo."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza kama wanampika."

Ciza, Mrundi mwenzao aliyeendesha teksi ya kuitwa kwa simu, alikuwa chini anaosha gari. Walimbeba Méthode watatu. Barabara ya ufukweni ilijaa watu wa Jumapili, wenye miavuli na ndoo za watoto, na kila robot, ndiyo taa za barabarani za huko, iliwakuta nyekundu. Méthode alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe, macho wazi, hayapepesi. Kifua kilipanda kidogo, kikangoja, kikapanda tena.

Na hapo, kwenye robot ya tatu, Gloriose alimgeukia mtoto aliyejikunja kiti cha mbele.

"Weye ndiye umemwua baba yako! Weye na tano kwa tano yako!"

"Mama Aurélie, wacha," alisema Ciza. Hakuacha. Alilirudia mara mbili. Kabla hawajafika, kifua kilikuwa kimesimama, na ndani ya gari lile hapakuwa na aliyejua kwamba mtu unaweza kumpulizia pumzi yako.

Hospitalini waliurudisha moyo, wakamtia mpira kooni, mashine ikawa inampumulia. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimweleza Gloriose taratibu, Aurélie akitafsiri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kutafsiri. Sumu hii hutoka yenyewe, siku moja au mbili, ikiwa mtu ameletwa pale midomo inapoanza kufa ganzi. Wangekuja wakati ule, angetoka kwa miguu yake. Sasa tatizo ni moyo, uliokaa muda mrefu bila hewa.

Kisha daktari alisema jambo jingine, na Aurélie akachelewa kulitafsiri.

"Amesema nini?"

"Amesema tuongee na Papa. Sumu hii inafunga mwili, haifungi masikio. Amesema hata alipokuwa hawezi kusogea, alikuwa anasikia."

Gloriose alitazama sakafu. Alikuwa anaona ile robot nyekundu.

Alimshika mtoto mkono, wakaenda pamoja mpaka kitandani. Aliinama karibu na sikio la Méthode, akasema kwa sauti ya kutosha ili wote wawili wasikie.

"Papa Aurélie. Niliyosema garini ni uongo. Mtoto hakuua mtu. Mimi ndiye niliyesoma neno nusu, mimi ndiye niliyepika. Umesikia? Si yeye."

Mashine ilipandisha kifua, ikakishusha. Alingoja kope, kidole, chochote. Akarudia tena, na tena, mpaka muuguzi akaja kuwatoa.

Méthode alifariki Jumanne saa nne asubuhi. Aurélie alimwuliza mama yake kama Papa aliyasikia yale ya mwisho, au yale ya garini tu. Gloriose alimwambia alisikia. Mtoto akamwuliza tena.