Nani Kashona Kofia ya Sleyum

Mimi ni mshauri wa jamii katika skuli moja ya Sib, huku Omani. Wazazi wa wanafunzi huja kwangu, nikawaeleza kwamba mtoto wa kiume hapungukiwi kitu akipika, wala wa kike akicheza mpira, na wananisikiliza. Asiyenisikiliza ni kakaangu Sleyum. Huniambia, "Aliya, ya skuli yaache skuli."

Kwetu Hail, kofia ya Idi hainunuliwi dukani. Mama yetu, Bi Mwanamize, alikuja na ada hiyo kutoka Unguja, na kila mwaka humshonea Sleyum kofia ya viua, kitobo baada ya kitobo, kwa sindano na uzi mweupe. Mwaka huu macho yalimkatalia. Hata kikombe cha kahawa alikuwa akikipapasa. Basi Safwan, mwana wa Sleyum, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akakaa miguuni kwa bibi yake akaishika sindano yeye. Bibi hupitisha kidole juu ya kiua, akasema, "Fumua, hiki kimelegea," naye akafumua. Sijapata kumwona mtoto yule ametulia vile.

Siku moja Sleyum akawafuma. Alimpokonya mtoto sindano, akamvuta mkono mpaka akaanguka.

"Mwanamme hashoni! Unataka watu waseme nna binti?"

"Mwache, mwanangu," mama akasema. "Unguja wanaume wakishona vibarazani, mchana kweupe."

"Samaki mkunje angali mbichi, mama. Nisimkute tena."

Toka hapo hakumwita mwanawe kwa jina. Akawa "huyo". Ijumaa alikwenda msikitini peke yake, na Safwan akabaki mlangoni, ameshavaa dishidasha, kanzu yake ya Ijumaa. "Shangazi," akaniuliza, "baba atanisamehe lini?" Samehe nini, jamani? Nilimwambia hana kosa, lakini maneno yangu si ya baba yake. Kofia nayo ilimalizwa mlango umefungwa, kwa kuwa bibi hakuwa na macho mengine ila ya Safwan.

Asubuhi ya Idi Sleyum aliivaa bila kuuliza. Sebuleni tulikuwa jamaa watupu. Ami Aziz akamvua kofia, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mashaallah! Nani kashona?"

"Mama," Sleyum akajibu, bila haya.

"Jungu kuu halikosi ukoko!"

Nikakitua chini chetezo cha udi. "Mama haoni, Sleyum, na wewe wajua. Kashona mwanao, Safwan."

Wote wakamgeukia mtoto. Nilikuwa namtetea, au ndivyo nilivyodhani. Hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake.

"Si mimi," akasema. "Mimi sijui kushona. Hiyo kazi ya wanawake."

Mama akainamisha kichwa. Sleyum akacheka kwa nguvu, akapiga zulia kwa kiganja. "Umemsikia, Aliya? Njoo, Safwan. Njoo ukae na mimi, babaangu."

Akamvisha ile kofia, ikamzama mpaka nyusini. Mtoto akakaa ubavuni kwa baba yake, vidole vilivyochomwa na sindano akavificha chini ya mapaja. Na alifurahi. Wallahi nilimwona, alifurahi kuliko siku zote za mwaka huu.