Nywele Nyeupe za Mama

Kila asubuhi kabla ya chai, Fusae alimgeuza mama mkwe wake ubavu na kumwosha, huku binti yake Chigusa ameshika beseni, macho yake dirishani. Kazi hiyo walikuwa wameizoea kwa miaka mitatu. Siku hiyo simu ya Fusae ikalia katikati. Mikono yake ilikuwa na povu, kwa hiyo Chigusa ndiye aliyepokea. Sauti ngeni ikasema:

"Ni kliniki ya ngozi. Mkumbushe Bi Fusae Hirose, miadi yake ni saa nne. Anyoe nywele tu, asizing'oe. Mwanga wa leza unafuata mzizi; ukishaung'oa, hauna cha kuchoma."

"Leza ya wapi? Ya kidevuni?"

"Ya sehemu za siri."

Chigusa akakata simu, uso ukimwaka. "Mama! Miaka hamsini na minane! Umepata bwana?"

"Akimpata aniletee nimkague," bibi akadakia kitandani. "Huyu hajui kuchagua. Alimchagua mwanangu."

Fusae hakucheka. Aliendelea kumpangusa mkwewe polepole, akizitenganisha nywele za sehemu za siri mahali uchafu ulipogandia. Bibi naye akaacha utani, akafumba macho mpaka walipomaliza.

Gari la kituo cha kutunzia wazee mchana lilipomchukua bibi, Chigusa alimfuata mama yake kliniki bila kualikwa.

Muuguzi alimkagua Fusae nyuma ya pazia, kisha akawakalisha wote wawili.

"Bi Hirose, nisikudanganye. Mwanga wa leza hunaswa na weusi wa unywele, ukageuka joto, joto likaua mzizi. Unywele mweupe haunasi kitu. Na zako, zaidi ya nusu ni nyeupe."

"Nikija mara nyingi?"

"Hata mara mia. Zile nyeusi tutaziondoa kwa mara sita au nane, maana hazioti zote kwa wakati mmoja. Nyeupe zitabaki."

"Basi nimechelewa," Fusae alisema. "Tangu mkwe wangu aanguke, kila mwaka nasema mwakani."

Muuguzi akainamisha kichwa, akawaacha peke yao.

"Kumbe ulitaka ziondoke kabla hujazeeka," Chigusa alisema.

"Kabla sijalala kama yeye. Anayeoshwa bila nywele anapanguswa mara moja, yamekwisha. Wewe kila asubuhi unatazama dirishani, mwanangu. Naona. Sikulaumu. Nilitaka tu siku yangu ikifika, usiwe na kazi kubwa. Au nitakwenda kuishi kituo cha wazee, wanioshe wageni."

Nje ya mlango mtu alikuwa anaitwa kwa jina, akaitwa tena. Mama yake alianza kukusanya mkoba na koti.

"Kaa kwanza, Mama."

Fusae akakaa.

"Si kinyaa," Chigusa alisema. "Nikimtazama bibi nakuona wewe, na ninaogopa. Naogopa sana. Lakini sitaki mgeni akuoshe. Nataka nikuoshe mimi."