Kadi Isiyo na Feni

Kazini walimwita mwanamke huyu Masikio. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye chumba cha kimya cha kiwanda cha kadi za picha, zile kadi nene za bei mbaya zinazofungwa kwenye kompyuta za wacheza gemu na watengeneza filamu, na kazi yake ilikuwa kusikiliza feni. Feni ikikwaruza hata kidogo, yeye ndiye aliyeandika: irudishwe.

Kisha shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye Masikio mwenyewe alimwombea kazi pale, akabuni kadi isiyo na feni. Ndani yake mlikuwa na vibati vyembamba kama ukucha, vinavyotetema kwa kasi ambayo sikio halinasi, vikivuta hewa na kuipuliza juu ya kadi ili isiungue. Kimya kabisa. Wenzake wakamtania, "Masikio, kikulacho ki nguoni mwako." Alicheka nao. Angemlalamikia nani? Mdogo wake?

Ijumaa moja saa nane mchana, wafanyakazi wakiwa wameshaanza kutawanyika, shemeji alimwita wapime kadi hiyo kwa mara ya mwisho. Wanunuzi walikuwa waje Jumatatu, na kadi ilikuwa moja tu. Waliacha simu nje kama ilivyo kanuni, wakafunga matundu ya hewa kwa swichi ya nje ili yasivume, wakavuta mlango mnene kama wa friji. Masikio akasikiliza nusu saa nzima, akaandika: hakuna sauti.

Shemeji alipotaka kutoka, kitasa kikabaki mkononi mwake.

Walisukuma, wakapiga teke, wakapiga kelele. Lakini kuta zile zilijaa sponji, zilimeza kila kitu. Sauti ilikufa ikiwa bado mdomoni.

"Mlinzi atapita," shemeji alisema.

"Mlinzi haji huku, shemeji. Anakaa getini mpaka Jumatatu."

Shemeji akaketi sakafuni. Baada ya saa moja shati lake lilikuwa limelowa. Kadi iliendelea kufanya kazi juu ya meza, kwani swichi yake nayo ilikuwa nje, ikitoa joto lake taratibu, na hewa ikazidi kuwa nzito. Masikio alisikia moyo wake mwenyewe, akasikia na kifua cha shemeji kikianza kukoroma kama cha mgonjwa wa pumu.

"Kengele ya joto inalia wapi?" aliuliza.

Wote wawili walijua. Kadi ikipita nyuzi mia moja, kengele hulia getini, tangu siku ile kadi moja iliposhika moto.

"Tuzibe tundu la hewa la kadi," Masikio alisema.

"Dada, nimeondoa kinga ya kujizima. Itaungua yote."

"Najua."

"Miaka miwili ya kazi, dada! Subiri kidogo."

Akasubiri. Alimwuliza tena, shemeji akatikisa kichwa. Mara ya tatu hakuweza hata kutikisa. Midomo ilikuwa imepauka na vidole vikikwaruza sponji. Masikio akavua mtandio wake, akaukunja mara nne, akauziba pale hewa inapoingilia. Namba kwenye kioo cha kipimajoto zikaanza kupanda. Sabini. Themanini na tano. Baadaye hakuweza kuapa kwamba ndani ya mkono ulioziba tundu lile hamkuwa na furaha kidogo.

Kwenye mia na tatu, kadi ilitoa harufu ya plastiki. Masikio akauchomoa mtandio ukiwa umeshaanza kubabuka, akaketi karibu na shemeji, akamshika mabega.

Mlinzi alifungua akiwa na mtungi wa kuzimia moto. Aliwatazama, akautazama mtungi. "Kumbe ninyi ndio mnaoungua," alisema.

Walimtoa shemeji hadi uani. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Ungeniuliza."

"Nilikuuliza mara tatu."

Jumatatu shemeji alimwambia meneja kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeziba lile tundu. Masikio hakumkanusha, na hilo lilimkaa moyoni kuliko moto wenyewe. Wanunuzi wakarudi baada ya miezi minne, kadi ya pili ikawa tayari, wakaipenda. Mwisho wa mwezi huo chumba cha kimya kilifungwa, naye akapewa barua ya kuachishwa kazi. Sasa anapima mashine za kufulia kwenye kiwanda kingine, katika ukumbi wenye kelele kiasi kwamba watu huongea kwa mikono.

Shemeji bado huja kumwamkia kila Jumapili. Akishaingia sebuleni, huvua kiatu kimoja na kukiegemeza mlangoni, mlango usifunge. Mdogo wake Masikio humcheka. Masikio naye huchagua kiti kilicho karibu na mlango.